Reli ya Hatua Moja

Haikuwa zamani hata kidogo, na waliokuwapo wangali wapo, ila hawasemi. Kulikuwa na nchi ikiitwa Jamhuri ya Heriani. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, na ukiona inafanana na nchi unayoijua, hilo ni tatizo la macho yako, nenda kapime. Heriani ilikuwa nchi ya amani. Ilikuwa na amani kiasi kwamba watu walinong'ona hata wakinunua nyanya.

Nchi hiyo ilikuwa na reli, na reli yenyewe ilikuwa na upana usiokuwapo mahali pengine popote chini ya jua. Majirani wa kaskazini walikuwa na reli ya mita moja. Majirani wa kusini walikuwa na ile pana zaidi. Heriani ilikuwa na sentimita themanini na nne. Watoto shuleni walifundishwa kwamba huo ndio upana wa kizalendo, maana adui akija na treni yake itamwishia mpakani, ateremke, atembee kwa miguu, na askari wetu wamkute keshachoka. Ilikuwa kweli kabisa. Wauza mahindi nao waliteremka pale pale mpakani, wakashusha mzigo wao gunia kwa gunia na kuupakia upya, na mahindi mengine yakachipua yakingoja. Hilo halikuandikwa kitabuni.

Aliyejua vizuri zile themanini na nne zilitoka wapi ni Bi Kidawa, mkaguzi wa njia ya reli. Alijua kwa sababu siku zilipozaliwa, yeye ndiye aliyeshika tepu.

Ilikuwa hivi. Wataalamu wa kigeni walikuja Ikulu na picha zao na vijiti vyao vya kuonyeshea, wakaeleza kwa saa tatu mambo ya geji, yaani upana kati ya chuma na chuma. Je, Heriani ifuate ya kaskazini au ya kusini? Mtukufu Mlezi wa Taifa alikuwa amelala usingizi wa kiuongozi, macho wazi. Tena siku hizo alikuwa na jipu pajani, siri kubwa ya serikali iliyojulikana mpaka na wauza karanga wa getini. Wataalamu walipomaliza, akazinduka.

"Maneno, maneno, maneno! Nimechoka na maneno. Chukueni hatua!"

Akainuka, akatoka zake.

Mheriani yeyote mwenye akili timamu angeelewa kwamba Mzee anasema fanyeni kazi, acheni porojo. Bahati mbaya mwenye akili timamu hakualikwa. Aliyekuwapo ni Waziri wa Nyendo, Mheshimiwa Makofi, ambaye alikuwa amepanda vyeo vyote kwa kutowahi kumuuliza mkubwa ana maana gani.

"Mmemsikia," alinong'ona. "Tuchukue hatua."

"Hatua zipi, Mheshimiwa?"

"Zake! Hatua zake! Upesi, kabla zulia halijainuka!"

Zulia lilikuwa jipya, manyoya marefu, na viatu vya Mtukufu vilikuwa vimeacha alama mpaka mlangoni. Akatafutwa mwenye tepu. Mle ukumbini mlikuwa na madaktari wa falsafa kumi na wawili na tepu moja tu, nayo ilikuwa mfukoni mwa Kidawa, msichana wa upimaji aliyekuja kubeba michoro. Akapiga magoti, akapima kisigino kwa kisigino. Themanini na nne.

"Mheshimiwa," alisema Kidawa, maana wakati huo bado alikuwa mgeni kazini, "hapa Mzee alikuwa akipanua miguu kwa sababu ya lile ji... Hatua yake ya kawaida huenda ikawa..."

"Binti," Makofi alimkata, "Mtukufu hana kitu cha kawaida."

Wiki ile ile Bunge likapitisha sheria likiwa limesimama wima, ya kifungu kimoja: upana wa reli ya Heriani ni hatua moja ya Mtukufu. Kilipatikana kiwanda kimoja tu duniani kilichokubali kuchonga magurudumu ya namna hiyo. Kikachonga kichwa kimoja cha treni na mabehewa manne, kisha kikavunja kalibu zake, wasije wateja wengine wakajua.

Kichwa hicho alikabidhiwa dereva aitwaye Mbwana, mtu mpole, mwenye mabega mapana na moyo mweupe. Baada ya mwaka mmoja Mbwana akamwoa Kidawa. Wakapata mtoto wa kike, wakamwita Semeni. Mbwana aliwapenda wote watatu, mke, mtoto na kichwa cha treni, na ukimuuliza yupi zaidi alikuwa akicheka tu, asijibu.

*

Kila mwaka ilifanyika Siku ya Hatua. Mtukufu alishuka jukwaani pale Stesheni Kuu, akaweka kisigino kwenye chuma kimoja cha reli, akavuta hatua, kisigino cha pili kikatua kwenye chuma cha pili. Tap! Watu wakapiga vigelegele. Kisha treni iliyojaa abiria ikaja kutoka Kijoto na kupita mbele ya jukwaa bila kusimama, ili ulimwengu ushuhudie kwamba hatua ya Mtukufu inabeba taifa.

Miaka ikaenda. Chuma hakizeeki upesi, lakini binadamu ni binadamu. Mwaka wa ishirini na mbili Mtukufu alikuwa akitembelea mkongojo, na wiki mbili kabla ya sherehe walimfanyisha mazoezi kwa siri kwenye bustani ya Ikulu. Wakapima. Wakarudia. Wakambadilishia viatu. Sitini na moja.

Kidawa aliitwa wizarani asubuhi yake. Alikuta watu tisa mezani na hakuna aliyegusa chai yake.

"Bi Kidawa," alisema Mheshimiwa Makofi, "reli imetanuka."

"Haijatanuka, Mheshimiwa. Nimeipima jana. Themanini na nne vile vile."

"Sikiliza vizuri. Sheria inasema upana wa reli ni hatua moja ya Mtukufu. Hatua moja ya Mtukufu ni sitini na moja. Reli ni themanini na nne. Sasa wewe mtaalamu tuambie, kati ya hivyo viwili, nini kimebadilika?"

Kidawa akafungua mdomo. Katibu Mkuu akaangalia dari. Mwanasheria akaanza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika. Chumba kizima kilimwomba Mungu mama huyu asiseme.

"Jua, Mheshimiwa," alisema Kidawa. "Mwaka huu jua limekuwa kali."

Watu tisa wakashusha pumzi. Wengine wakanywa chai.

"Ahaa! Basi utaibana. Mita mia mbili, pale mbele ya jukwaa. Sitini na moja kamili."

"Na magurudumu je? Magurudumu ni ya themanini na nne. Treni inakuja kasi kutoka Kijoto, ikikuta reli imebanwa itaruka. Ina watu ndani, Mheshimiwa."

"Magurudumu nayo ni mali ya Heriani. Yatatii."

"Basi isimamishwe kabla ya kufika. Abiria wateremke, waimbe, wapunge mikono..."

Makofi akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mwalimu wa hesabu. "Treni ikisimama njiani, ina maana njia ni mbovu. Njia ikiwa mbovu, ina maana hatua ni mbovu. Na hatua ikiwa mbovu..."

Hakumalizia. Wala hakuna aliyemwomba amalizie.

Kidawa alitoka mle akimwaza mtu mmoja. Reli haikumsumbua hata chembe. Kwa upande wake, reli ingeweza kwenda na maji. Dereva wa treni ile alikuwa Mbwana, na yeye ndiye aliyetakiwa atie sahihi kwamba njia ni salama.

*

Mwenye shida hana haya, wala hakosi akili. Kidawa alimwita Gumbo, msimamizi wa mafundi wake, wakashauriana chini ya tangi la maji. Reli ya kweli wasiiguse. Watachukua kipande cha chuma cha mita mbili, wakipake rangi, wakilaze kwa ndani, sentimita sitini na moja kutoka upande wa pili, bila msumari hata mmoja. Mtukufu akanyage, watu washangilie, kisha wakitoe kabla treni haijafika. Dakika kumi zilikuwa zinatosha.

"Mama Mkaguzi, tukishikwa?" aliuliza Gumbo.

"Tukishikwa, mimi nilikutuma."

Siku ya Hatua ikafika. Stesheni ilifurika watu elfu tano. Ni vema ujue kwamba Heriani kumpa mgongo Mtukufu kulikuwa kosa la kifungo, kwa hiyo pale stesheni watu, askari, wapiga tarumbeta na hata wauza maji walisimama kati ya reli na jukwaa wakimwelekea yeye popote alipo, na anayetaka kutoka alitoka kinyumenyume.

Mtukufu akashushwa. Akaweka kisigino. Akavuta hatua, taratibu mno, watu wamezuia pumzi. Tap! Mawaziri wakalia machozi. Mheshimiwa Makofi akalia kuliko wote, akapewa kiti. Mzee akarudishwa jukwaani, na watu wote wakageuka naye, reli ikabaki migongoni mwao.

Kidawa na Gumbo wakasogea na mtaimbo. Hamadi! Afisa wa Itifaki alikuwa amewatangulia, keshakizungushia utepe wa rangi za taifa kile kipande cha chuma.

"Msiguse. Hapa Mtukufu amekanyaga. Kuanzia leo ni kumbukumbu ya taifa."

"Afande, treni inakuja!"

"Itakuta kumbukumbu," alijibu Afisa, akageuka kulielekea jukwaa kama sheria inavyotaka.

Honi ikalia huko kwenye kona. Kidawa aliijua honi hiyo. Mbwana aliipiga mara mbili kila akikaribia stesheni, ya kwanza kwa ajili ya ishara, ya pili kwa ajili ya mkewe. Siku nyingine ilimpa raha. Siku hiyo ilimkimbiza kwenye chuma. Akauchomeka mtaimbo, akabana meno, akasukuma. Chuma kikagoma. Gumbo akaja, wakasukuma wote wawili, utepe ukakatika, chuma kikabiringika nje, na Kidawa akaangukia kokotoni nacho mapajani. Treni ikapita hatua mbili kutoka usoni pake, behewa baada ya behewa, abiria wote wamepanga nyuso zao upande wa jukwaa.

Na dirishani mwa kichwa alimwona mumewe. Mbwana alikuwa amesimama wima, mkono kwenye paji la uso kwa saluti, uso ameuelekeza kwa Mtukufu.

Kidawa akakaa pale pale kwenye kokoto, goti linavuja damu, akalia kwa furaha. Yu hai! Watu wakadhani analilia taifa.

*

Jioni redio ikatangaza kwamba treni ya Heriani, ya kwanza katika historia ya binadamu, imepita salama kwenye njia ya sentimita sitini na moja kwa magurudumu ya themanini na nne. Nishani zikatolewa. Kidawa akapata ya kupima, Mbwana akapata ya kuendesha, na Afisa wa Itifaki akapata kubwa kuliko wote, ya kulinda.

Siku ya tatu ikaja amri. Kwa kuwa imethibitika, reli yote ya nchi itabanwa iwe sitini na moja. Wataanza na kilomita moja ya mfano kwenye Mteremko wa Kijoto, pale penye kona na bonde. Ikiwa tayari, treni itaizindua kwa mwendo wa sherehe, ikibeba kwaya ya akina mama mia mbili. Dereva ni shujaa wa taifa, Bwana Mbwana.

Kidawa hakungoja hata kuvaa viatu vya ofisini. Alikwenda wizarani na ndala.

"Mheshimiwa, ule ulikuwa uongo. Ni mimi niliyeutunga. Kilikuwa kipande cha chuma tu, kimelazwa, nikakitoa mbele ya watu elfu tano."

"Nani aliona?"

"Wote walikuwapo!"

"Walikuwapo, nakubali. Ninauliza nani aliona. Unataka kuniambia kuna mtu siku hiyo alimpa Mtukufu mgongo? Nitajie jina lake, nimkamate."

Kidawa akasema aitwe Gumbo. Gumbo akaitwa, akaja na kofia mkononi, akasimama akiitazama kofia.

"Mama Mkaguzi," alisema polepole, "mimi nina watoto sita. Funika kombe mwanaharamu apite."

Alipotoka, Mheshimiwa Makofi aliinuka akafunga mlango. Aliporudi kwenye kiti chake alikuwa amezeeka ghafla.

"Kidawa, mimi nakuamini. Niliona kile chuma kinacheza alipokikanyaga. Sasa unataka nikamwambie nini? Kwamba hatua yake imepungua? Nani aende, wewe au mimi?"

"Twende wote."

"Nina wajukuu watano."

"Na kwaya ina akina mama mia mbili! Na mimi nina mume mmoja!"

Makofi akajifuta uso kwa kitambaa. "Nitakupumzisha kwa heshima," alisema. "Hiyo ndiyo huruma niliyonayo."

Akapumzishwa kwa heshima siku hiyo hiyo, akanyang'anywa funguo. Kazi ya kubana reli wakapewa vijana wa chama, ambao hawakujua taruma la kulazia reli ni nini, lakini walikuwa na fulana mpya na nyimbo nzuri. Wakamaliza siku mbili kabla ya muda.

*

Alibaki mtu mmoja wa kuambiwa. Saa kumi jioni, siku moja kabla ya uzinduzi, Kidawa alimkuta mumewe barazani anasugua nishani kwa majivu na kitambaa.

"Baba Semeni, kesho usiende."

"Umeanza tena."

"Nakuomba. Ugua. Sema una homa, sema una tumbo, mimi nitakupikia hata dawa ya kukuharisha kweli. Njia ya Kijoto haipitiki. Siku ile hukupita kwenye sitini na moja, ulipita kwenye themanini na nne kama miaka yote. Mimi ndiye niliyekitoa kile chuma. Goti hili hapa, litazame!"

Mbwana akalitazama goti. Alikuwa mume mwema. Alinyoosha mkono akaligusa kwa upole.

"Mama Semeni, mimi ndiye niliyekuwa naendesha."

"Ulikuwa umegeuza uso!"

"Niliisikia njia chini ya miguu. Ilikuwa tofauti. Nyembamba, tamu, treni inaelea. Miaka ishirini na mbili hakuna aliyejua jina langu nchi hii. Sasa watoto wananiamkia barabarani. Kwa nini roho inakuuma mwenzio akipata?"

Maneno hayo yalimchoma Kidawa kuliko lolote alilowahi kuambiwa wizarani. Alimshika mkono, akamvuta kama mtoto mpaka kwenye banda la treni, wakaingia, kichwa kikiwa kimesimama kimya, kimepambwa makuti na vitambaa. Akachuchumaa mbele yake, akavuta tepu kutoka gurudumu hadi gurudumu.

"Soma."

Mbwana akainama. "Themanini na nne."

"Na huko Kijoto wamebana ngapi?"

"Sitini na moja."

"Sasa niambie mwenyewe, mume wangu. Wewe si mtoto. Hili litapita vipi pale?"

Mbwana alikaa muda mrefu ameinama. Kidawa aliuona uso wake ukibadilika, akaona jasho likimtoka juu ya mdomo, na moyo ukamruka kwa matumaini. Ameelewa! Alhamdulillahi, ameelewa. Kisha Mbwana akachukua ncha ya tepu kwa vidole viwili, akaikagua, akatabasamu kama mtu aliyepata nafuu ya ugonjwa.

"Hii tepu yako ina miaka mingapi?"

"Kwa nini?"

"Imechakaa, Mama Semeni. Imekwisha, haisemi kweli."

Kidawa aliiachia tepu, ikajirudisha yenyewe ndani ya kikopo chake. Alibaki amechuchumaa kati ya magurudumu mawili, analikodolea gurudumu la kushoto. Akafikiria kwenda kwa wale akina mama wa kwaya, nyumba kwa nyumba, na akajua watamjibu nini. Walikuwa wameshonewa sare. Akafikiria kumfungia mumewe chumbani, na akajua watakuja kumfungua askari. Alimpenda mtu huyu na alimkasirikia.

"Mnaondoka saa ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Saa tatu kamili."

"Mpaka pale mteremko unapoanza ni kilomita tisa."

"Tisa na kidogo."

"Niombee nafasi. Nataka kusafiri na wewe."

Mbwana alimwinua, macho yamemng'aa. "Kweli? Nitakuwekea kiti behewa la wageni, karibu na Mheshimiwa..."

"Hapana. Mbele, humo unamokaa wewe. Ule mkono wa breki bado uko upande wa kushoto?"

"Kushoto, ndiyo."

"Basi mimi nitakaa kushoto."

Mbwana akamkumbatia kwa nguvu mpaka nishani ikambana mwenzake kifuani. Alikuwa na furaha isiyo kifani, masikini, kwa sababu alidhani mkewe sasa ameamini.